Sauti ya Mtani Wetu wa Oldeani

Juzi nilikuwa mgahawani hapa Karatu, nimeinamia supu yangu ya mbuzi, nikajisikia naongea. Mdomo umejaa chapati, lakini sauti yangu inatoka kwenye televisheni ya ukutani. Nikainua kichwa. Fisi wangu, yule niliyemchora kwa mkono na kumsemea miaka yote, anaiba dukani chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, anakimbia nayo huku akiisifia. Madereva wa watalii waliokaa meza ya pili wakacheka. Dada anayehudumia akaniambia, "Mzee, kumbe umerudi kazini na hutuambii."

Sikurudi kazini, ndugu yangu. Maneno yale sijawahi kuyasema. Wameilisha mashine kanda zangu za zamani, ikajifunza kuniiga. Supu ikanishinda. Ili ujue kwa nini, inabidi nikupeleke Oldeani.

Nimekulia kambi ya vibarua kwenye shamba la kahawa kule juu. Baridi ya kule huijui mpaka umeamka nayo: ukungu unaingia hadi chini ya kitanda, na matope mekundu yanakuvua kiatu, kama unacho. Msimu wa mavuno hewa yote ilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Wageni waliziba pua. Mimi hadi leo harufu ile ikinipitia natamani kula. Bibi yangu, aliyenilea, alitoka Singida kufuata kazi. Mchana alichambua kahawa kwenye vichanja na wanawake wenzake, mimi nikichota maji na kufukuza mbuzi wasipande juu ya kahawa iliyoanikwa. Jioni ugali wa mtama na mlenda, na kelele za kambi nzima, watu wa Singida, wa Dodoma, wa Mbulu, kila mmoja na Kiswahili chake alichokuja nacho.

Chumba cha pili aliishi mzee wa Dodoma, mtani wetu. Vijana wa leo wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Utani una sheria. Jirani yule aliingia kwetu bila hodi, akafunua sufuria, akatangaza kwamba watu wa Singida hawajui kupika, kisha akala. Bibi alimwita kuni mbichi, moshi mwingi moto hakuna. Hakuna aliyekasirika, maana kumkasirikia mtani ni aibu. Sauti ya jirani huyo ilikwaruza, inaanzia tumboni inaishia puani, na kila alichosema kilikuwa malalamiko. Njaa, magoti, nyapara, mvua.

Alipofariki, siku ya kumzika, Bibi alivaa koti na kofia ya marehemu, akajishika kiuno kama yeye, akasimama ukingoni mwa kaburi kuwazuia wachimbaji. Akasema kwa sauti ileile, "Nani kawaambia mchimbe hapa? Hapa pana unyevu, na magoti yangu mnayajua." Watu walioshindwa hata kuinua nyuso wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndipo wakaweza kulia. Mtani tu ndiye mwenye ruhusa hiyo. Mwingine angefanya vile angepigwa. Bibi alizoea kusema sauti ya mtu haiokotwi njiani, unapewa. Na mimi siku ile nilijua nataka kufanya kazi gani, ingawa sikujua kama ina jina.

Shule niliishia darasa la tatu na sitaki pole ya mtu. Nilichora kwa mkaa kwenye kuta za kambi, nikachora vibao vya maduka Arusha, nikafika Dar es Salaam nikajifundisha kuchora katuni zinazotembea. Fisi kuinua mguu mmoja tu ilikuwa kazi ya mchana kutwa, karatasi juu ya karatasi. Hakuna aliyenishika mkono. Studio niliyoichorea ilipoamua fisi huyo naye apate sauti, nilijua ni ya nani. Lakini sikuanza. Nilipanda basi nikarudi Karatu kwa binti mkubwa wa yule jirani, niliyekua naye kambini, nikamwomba. Kwanza akanitukana, kiutani. Kisha akasema, "Mchukue. Awe mlafi, awe mlalamishi, baba alikuwa hivyo. Ila asiwe mwizi. Baba hakuiba hata punje ya kahawa ya watu."

Nikaahidi, na neno hilo nimelitunza mpaka nimestaafu. Waandishi waliniletea fisi anayeiba mbuzi, fisi anayeiba mayai, kwa kuwa eti fisi wa hadithi huiba. Nikawarudishia. Niliitwa mzee mkorofi, nikasusa kuchora. Fisi wangu aliomba, alilia njaa, alijialika kwenye harusi za watu. Hakuiba.

Pale nje ya mgahawa nikampigia bosi wa studio, kijana. Akaniamkia vizuri, akaniambia nifurahi: sauti yangu sasa haitazeeka, hata nikifa itaendelea na kazi. Tena mkataba nilishasaini. Nikamwambia, "Kijana, nilikuuzia kazi ya mdomo wangu. Sikukuuzia marehemu." Akasema tangazo limepangwa kurushwa msimu mzima, na kwamba nilichukulie kama heshima. Heshima gani? Hata mwizi wa kuku hakuambii ufurahi. Mashine yake haina jirani, haina mtani, haijawahi kusimama mlangoni kwa mtu ikaomba.

Nikaenda kwa yule binti, sasa ana mvi kama mimi. Siku zote nikitokea tu kwake huuliza nani kaacha boma wazi mpaka fisi wa Singida wameingia, nami humjibu nimefuata harufu ya chakula kibaya. Safari hii nilisimama mlangoni nikingoja. Akainuka, akafuta kiti kwa kanga, akasema, "Karibu ukae, mzee."

Nikaeleza yote, mashine, bosi, maneno yasiyo yangu. Akasikiliza. Akasema tangazo ameliona, na anaelewa, siku hizi ndivyo mambo yalivyo. Akaniletea chai, akaniuliza kama sukari inatosha.

Kambi ya Oldeani imebomolewa, vichanja vimeoza, Bibi na jirani wamelala hukohuko juu. Hayo nimeyazoea. Lakini kuulizwa habari ya sukari na mtani wangu, kwa adabu, kama mgeni aliyeshuka kwenye gari la watalii, hilo sijalizoea na sitalizoea. Nilikaa pale mpaka chai ikaisha, nikisubiri anitukane.