Futi Kumi na Moja

Mwaka ulikuwa 1958, kiangazi cha Januari, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Siku hiyo ya kwanza Bwana Shamba, ofisa wa kilimo wa tarafa yetu huko Nyeri, alitupa kamba na kijiti cha kupimia, akatuamuru tuchimbe mashimo ya kahawa: upana futi mbili, kina futi mbili, na futi tisa kati ya shimo na shimo. Waume wetu walikuwa vizuizini, wamefungwa na wakoloni. Asubuhi tulichimba matuta ya serikali kwa lazima, tukisimamiwa kwa bunduki; majembe yetu wenyewe tuliyashika alasiri, kabla lango la kijiji tulichofungiwa halijafungwa.

Tulilima kwa ngwatio, yaani leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Jirani yangu Wangui ndiye aliyeshika kamba. Tukapima kutoka ukingo wa shimo moja hadi ukingo wa lingine, ilhali ilipasa kupima kutoka katikati hadi katikati. Bwana Shamba aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha.

"Mimi nilisema tisa! Hii ni kumi na moja!" alifoka. "Ninyi wamama mnapanda kahawa ama mnapanda barabara?"

"Bwana Shamba, ulisema kati ya mashimo," Wangui alimjibu. "Ungetaka tupime ndani ya shimo, ungesema."

Alicheka bila kupenda, akatuagiza tujaze samadi. Mvua ya njahi, yaani masika, ilipoanza mwezi wa Aprili, tukapanda miche.

Vijana, siku hizi mikutanoni husemwa kwamba wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, wanawake "walisaidia". Tulimsaidia nani? Katika mashamba yale hapakuwa na mwanamume wa kusaidiwa.

Mume wangu alirudi 1959, mgongo umeharibika, akaikuta kahawa imeshika. Chama cha ushirika kiliandika jina lake, nami nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Mwaka 1964 niliajiriwa katika kitalu cha miche karibu na Sagana. Msimamizi wa Kitalu, mtu asiyetabasamu, alinifundisha kupogoa, yaani kukata matawi yaliyochoka ili mapya yazae. Ndiye pia aliyenipeleka darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma.

"Mama Wambui," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu, "mikono yako inajua kuliko daftari langu. Sasa ujue daftari."

Nilianza kusoma mwaka 1966, nikiwa na miaka thelathini.

Mume wangu alifariki Agosti 1971. Mwezi uliofuata shemeji yangu, mdogo wake, alikwenda chamani kudai namba ya uanachama ya marehemu. Bila namba hiyo kiwanda kisingepokea hata debe moja la kahawa yangu. Alidai kwamba aliipanda yeye mwenyewe mwaka 1958, mimi nikimsaidia tu. Mwaka huo wote alikuwa Murang'a, akiuza katika duka la watu! Kwa miaka mitatu nilikwenda ofisini, na kila mara Karani aliniambia, "Mama, kuja na mwanamume wa boma lenu tuongee."

Hatimaye, mwaka 1974, Mwenyekiti wa chama alituita mbele ya kamati. Niliomba kuuliza swali moja.

"Shemeji, miti hiyo uliipanda kwa futi ngapi?"

"Si kila mtu anajua? Tisa."

"Mwenyekiti," nikasema, "twende tukapime."

Kamati nzima ilishuka shambani. Karani alivuta utepe kutoka shina hadi shina: kumi na moja. Akahamia mstari wa pili, kisha wa tatu. Kumi na moja tena.

"Ati tisa!" Wangui alipaza sauti kutoka kwenye tuta. "Huyu alikuwa anapandia Murang'a!"

"Pengine ilisogezwa baadaye," shemeji alinong'ona.

"Mti wa miaka kumi na sita hauhami," Mwenyekiti akamjibu, akakunja utepe mwenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 1974 nilisimama mbele ya daftari la wanachama.

"Niandike mjane wa nani?" Karani aliuliza.

"Andika jina langu, Nyaguthii."

"Na kazi? Niweke msaidizi?"

Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Akaandika. Nililigeuza daftari upande wangu, nikasoma neno kwa neno: Nyaguthii, mkulima wa kahawa. Karani alinisogezea kidau cha wino, nitie kidole gumba. Nikamwomba kalamu.