Jina Mwishoni mwa Katuni

Kila sifa ya katuni ile ilimuwasha Lea kooni kama tangawizi mbichi. Gazeti moja liliandika kuwa wazazi walitoka ukumbini wamewashika watoto wao mikono. Jingine likasema hakuna aliyewahi kuchora kukua kwa msichana wa milimani kwa upole kiasi kile. Na aliyeitengeneza ni Careen! Careen waliyekaa naye dawati moja shuleni kule Mamba, milimani Upare, ambaye insha zake Lea ndiye alikuwa akizisahihisha.

Lea alikuwa muuzaji katika duka la stesheneri mjini Same. Shahada yake ya fasihi ilikuwa na mwaka wa nne kabatini.

Siku moja mhariri aliyesoma vijimakala vyake mtandaoni akampigia simu. "Dada Lea, wewe ni mtoto wa huko huko. Tuandikie uhakiki wa katuni hiyo. Ukinikosha, safu ya kila Jumapili ni yako."

Katuni ilioneshwa Mamba mchana, kwenye ukumbi wa kanisa. Lea alikaa nyuma na shangazi yake, Tumainieli, daftari pajani, akiwinda kosa. Hakuliona. Msichana wa kwenye katuni alikabidhiwa na babu yake kazi ya kulinda ndiva, bwawa linalokinga maji ya mfereji wa kijiji, na alicheka, akanuna, akakua kama watoto wa Mamba hasa. Mara mbili machozi yalimlengalenga Lea, akayafuta kwa hasira.

Kisha jua la kwenye katuni likazama, na msichana akaifungua ndiva.

Ukumbi ukalipuka. "Jamani! Nani anafungua ndiva jioni?" alipaza sauti Mzee Sefania, mgawa zamu za maji. "Usiku tukinge nini, umande?"

"Angekuwa wangu angekula makwenzi!" shangazi akadakia.

Lea akaandika haraka, moyo ukimchezacheza kwa furaha. Akasimama.

"We mtoto, huna subira ya kuona mwisho?"

"Nilichokitaka nimeshakiona, shangazi."

Uhakiki ukatoka Jumapili. Aliusoma mara saba, na kila mara alikawia pale alipoandika: "Kila mtoto wa Upare anajua kuwa ndiva hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Aliyewashauri watengenezaji hajawahi kulowesha miguu mferejini, au aliwadharau kiasi cha kujibu bila kujali."

Kesho yake shangazi alipiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee Sefania ametusomea gazeti. Umeandika, tena umeandika. Ila ungesubiri siku ile. Mwishoni majina yalipita. Mshauri wa mambo ya Upare, wakaandika Lea. Watu walipiga makofi, mimi nikasimama kwa niaba yako."

Lea alikaa juu ya boksi la karatasi. Alifungua simu, akarudi nyuma kwenye ujumbe wa Careen hadi mwaka juzi. Kulikuwa na swali: "Lea, ndiva hufunguliwa asubuhi au jioni? Nakuamini kuliko kitabu." Chini yake jibu lake, neno moja: "Jioni."

Akaikumbuka siku ile. Alikuwa ametoka kusikia kuwa Careen amepata nafasi ya kusomea uchoraji wa katuni ng'ambo. Alijibu kwa neno la mwisho aliloliona kwenye swali, ili amalize mazungumzo.

Na asubuhi hii kulikuwa na ujumbe mpya. "Nimesoma. Uko sahihi, tutairekebisha. Jina lako niliache au nilitoe?"

Hata hapo wivu ndio uliotangulia: kwa nini Careen alijua kueleza maumivu kwa maneno machache hivyo? Aibu ikafuata, taratibu, kama maji yanavyofika shamba la mwisho.

Mhariri naye alikuwa ameandika. Safu ni yake. Atume ya kwanza kabla ya Ijumaa.

Lea alivuta karatasi kutoka kwenye boksi alilokalia, akaandika mstari wa kwanza wa safu yake: "Ile jioni ni yangu. Careen aliniuliza, nami nilimjibu kwa wivu."