Keki ya Muuza Ulinzi

Mtunza mtandao wa kiwanda cha maziwa pale Aarhus, Denmark, kila ainukapo kitini, hata akifuata kahawa tu, mkono wake hufunga kompyuta kwanza. Tangu wezi waingie mtandaoni na maziwa kuharibika matangini, yeye ndiye wa kuchagua ulinzi wa mtandao wa kukodi huko kwenye “wingu”, yaani kompyuta za mbali za kampuni nyingine.

“Kwetu hata nzi hapiti, bwana!” muuzaji mmoja wa ulinzi huo, aliyemtembelea ofisini, alimhakikishia, kisha akaenda msalani, kompyuta yake wazi. Mtunza mtandao akasogea taratibu, akawaandikia watu wote wa ofisi kwa kompyuta hiyo, kwa jina la mgeni: “Kesho naleta keki.” Ndiyo adhabu ya ofisi zao kwa anayeacha kompyuta wazi.

“Umemweza, mzee!” akacheka Birthe wa idara ya mauzo pale kiwandani.

Keki ikaja, tamu kweli. Mtunza mtandao akala vipande viwili, akampa muuzaji mkono wa shukrani, akaenda kumpigia simu muuzaji mwingine.