Paa la Mwanarusi

Mwaka wa 1954, aliyepita Msambweni akaona paa la makuti lililolala sawasawa kama mkeka mpya, alijua bila kuuliza kwamba hapo anakaa Mwanarusi binti Chome. Kazi yake ilikuwa kushona makuti. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kila ufito wa kushonea majani aliumaliza kwa fundo la kurudia, limegeukia kushoto, ambalo mshonaji mwingine hakuweza kuliiga. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye jicho lisiloamini mtu. Akinunua samaki alimnusa samaki, kisha akamtazama muuzaji kama anayetaka kumnusa na yeye.

Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya shemeji yangu Sefu bin Rai, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Zamani hizo, kwa watu wa heshima, kumtoza jirani kodi mkononi ilikuwa aibu. Basi walipatana hivi: Mwanarusi aiezeke nyumba kwa makuti yake mwenyewe, akae humo mpaka makuti hayo yachakae. Yakichakaa, aezeke tena, akae tena. Maneno hayo yalisemwa barazani kwangu, mume wangu akiwa shahidi, nami nyuma ya pazia nikimimina kahawa. Hakuna aliyeandika. Kumtaka karatasi mtu wa mji wako ilikuwa sawa na kumwita mwizi. Na kwa adabu hiyohiyo, Mwanarusi alipoulizwa anakaa kwa nani, alijibu siku zote, "Mimi mgeni wa Bwana Sefu."

Alikaa miaka tisa, akaezeka mara mbili. Katikati ya miaka hiyo mume wangu alifariki.

Siku moja baada ya alasiri Mwanarusi alinijia kwa mlango wa uani. Haikuwa desturi yake, na jambo hilo peke yake lilinitia shaka.

"Bi Mwanasha, kuna mtu anaizunguka nyumba."

"Mtu gani?"

"Ana tarabushi na viatu vya kung'aa. Kaizunguka mara mbili, akagonga nguzo kama anayechagua nazi. Nikamsalimu, akaitikia huku anatazama boriti."

"Pengine amepotea."

"Aliyepotea huuliza njia. Huyu aliuliza vyumba ni vingapi."

Nilimwona anatafuta pa kutia kidole katika mambo ya ukoo wetu. Tangu nifiwe, wengi walikuwa wakingoja kusikia kwamba nyumba ya Rai inaanguka.

"Nani mwingine umemwambia?" nikamuuliza.

"Wewe wa kwanza."

"Basi na niwe wa mwisho."

Alinitazama kwa lile jicho lake, nikafahamu kwamba hata mimi hakuwa akiniamini.

Siku mbili baadaye Sefu alikuja kwangu na nguru mzima. Miaka yote ya ushemeji wetu hakuwahi kuniletea hata dagaa.

"Sefu, huyu nguru amekuja kuomba nini?"

Alicheka kuliko ilivyostahili. "Shemeji nawe! Ni kajambo kadogo. Yule mama hajui kusoma, nawe ni mwalimu, anakuamini. Atie dole gumba kwenye karatasi hii. Ni ya kumlinda."

Niliichukua nikaisoma. Ilisema hivi: *Mimi Mwanarusi binti Chome ninakaa katika nyumba hii kwa hisani, kama mgeni. Sina mapatano yoyote, na nitaondoka siku nitakayoambiwa.*

"Inamlinda na nini?" nikamuuliza.

Hapo ndipo aliposema. Alikuwa ameiweka nyumba rehani kwa tajiri mmoja wa Mombasa ili anunue lori la kubebea korosho. Lori liliharibika Lunga Lunga, likabaki huko. Muda wa rehani ulikwisha, na nyumba itanadiwa. Yule mwenye tarabushi alikuwa Suleiman, wakala wa tajiri, naye alikuwa amesema kwamba nyumba tupu hununuliwa vizuri kuliko nyumba yenye mtu.

"Na Mwanarusi aende wapi?"

"Ana ndugu yake Mwabungo."

"Ndugu yake wa Mwabungo ni kaburi, Sefu. Ulihudhuria maziko."

Aliinamisha uso, kisha akanibonyeza pale alipojua panauma. "Akiondoka kimya, jina letu halitatajwa popote. Akibisha, tutavuliwa nguo mbele ya mji mzima, wewe na wanao."

Karatasi ilibaki kwangu siku nzima. Sitaficha kwamba niliifikiria. Jina la Rai wanangu wanalichukua, na nimelitunza kuliko dhahabu zangu. Lakini mdomo uliotakiwa kumlaghai mwanamke yule ulikuwa mdomo wangu.

Asubuhi yake nilikwenda. Nilimkuta amekaa chini, ufito mapajani. Nikamsomea neno kwa neno. Hakulia. Aliniomba niisome tena.

"Umeisoma kama mara ya kwanza," akasema. "Basi ni kweli. Na neno 'mgeni' limo?"

"Limo."

"Hilo ni langu mwenyewe. Miaka tisa nalisema, nadhani ni adabu." Akaliinua dole gumba lake, limeota sugu. "Hili ni la kushonea. Wino halitii. Na wewe, Bi Mwanasha, uliyoyasikia nyuma ya pazia utayasema?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Nilijua," akasema, akarudia ufito wake.

Mwanarusi alikataa kuondoka, na shauri likapelekwa kwa mudiri, aliyekuwa akisikiliza mashtaka ya watu wa pwani yetu. Suleiman alisimama na viatu vyake.

"Mama, una hati?"

"Sina."

"Una risiti?"

"Sina."

"Huu mji wote umekusikia ukisema u mgeni. Leo umekuwa mpangaji?"

Sefu akasema kwa sauti laini, "Ni mgeni wangu, nami namheshimu." Watu wakanong'ona. Aliposema "namheshimu" nikaona siwezi kukaa tena. Nikasimama, nikaeleza mapatano yote kama nilivyoyasikia.

"Shemeji!" Sefu akaruka. "Unamvua nguo marehemu!"

"Namvisha. Alikuwa shahidi, na ushahidi wake mimi ndiye niliyebaki nao."

Suleiman akatabasamu. "Mwanamke nyuma ya pazia huona nini?"

"Pazia huziba macho, Bwana Suleiman. Masikio haliyazibi."

Walicheka, lakini mudiri hakucheka. Nilimwona akinitazama mimi, kisha Mwanarusi, kisha mimi tena, kama anayepima ni nani kati yetu aliyemfundisha mwenzake maneno. Akaondoka kitini, akasema anataka kuliona paa lenyewe.

Tulimfuata sote. Ngazi ikaletwa, likateremshwa kuti moja la upande wa barabara na moja la uani. Yote mawili yalikuwa na fundo la kurudia, limegeukia kushoto. Mudiri akaagiza Mwanarusi apewe ufito na majani, ashone pale pale. Alishona. Hata kuinua uso hakuinua. Mudiri akayaweka mafundo matatu kwenye kiganja chake, akayageuzageuza.

"Bwana Sefu," akasema, "mimi nimelala ugenini mara nyingi, Vanga mpaka Malindi. Sijapata kuambiwa niezeke paa."

Akahukumu kwamba nyumba inaweza kuuzwa, lakini atakayeinunua atainunua na Mwanarusi ndani, kwa mapatano yaleyale: mpaka makuti aliyoezeka yachakae. Neno la kuezeka tena hakulitaja.

Tajiri aliinunua mwenyewe, kwa bei ya chini. Suleiman alimwambia Mwanarusi mlangoni, "Makuti hayazidi miaka mitano, mama. Tutangoja."

"Karibuni mngoje," akasema.

Dirisha langu linaitazama nyumba hiyo. Mwezi haukwisha, nikamwona Mwanarusi juu ya ngazi, anatoa safu moja ya makuti na kuweka mpya. Mwezi uliofuata, safu nyingine. Hakupata tena kuliezeka paa zima kwa mara moja. Nilimtilia shaka kwamba anaichezea hukumu. Nikaipima kila upande, nikaona kila kuti lililochakaa linaondoka kama ilivyosemwa, na paa halikosi makuti yake ambayo bado hayajachakaa.

Kila mwaka Suleiman huja na fimbo yake, hulitafuta paa kuukuu, halioni. Mwaka huu, wa 1959, alivuka njia akaja kwangu.

"Bi Mwanasha, paa lile ni la lini?"

"La mwaka juzi," nikamwambia, "na la mwezi uliopita, na la jana."

Sefu haji kwangu tena. Wako wasemao kwamba jina la Rai nimelivunja mimi. Waliokuwapo siku ile wanajua nani alisema uongo na nani alisema kweli, na wote wawili walikuwa wa nyumba hiyohiyo.

Mwanarusi akiulizwa sasa anakaa kwa nani, hujibu, "Chini ya makuti yangu." Nami nikimsomea barua, bado huniomba niisome mara ya pili.