Mpwa Wangu Alinipa Tangi ya Vape Nijaribu, Kumbe Ananirekodi

Admin, ficha jina langu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi upande wa Mweiga na bwanangu, ambaye ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Siku za soko nashuka Karatina kuuza vitunguu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mkikuta maneno makali mnivumilie. Au msinivumilie, shauri yenu.

Nianze na kosa langu kabla hamjanianzia. Mimi huvuta sigara. Nilianza nikiwa msichana nikichuma majani chai kule Kangema, baridi ya asubuhi ikituuma vidole, na sikuwahi kuacha. Nyanya yangu alinusa ugoro mbele ya wazee wa kanisa mpaka akafa na hakuna aliyemuuliza kitu, lakini huku kwetu mwanamke akishika sigara anaitwa malaya. Kwa hivyo nilivuta nikijificha nyuma ya zizi, na bwanangu akiuliza harufu nasingizia moshi wa jikoni. Aliyejua ukweli ni mtu mmoja tu, binti ya marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la tatu. Ananiita Tata, vile sisi huita shangazi.

Alipomaliza chuo, huyu msichana alifungua kibanda Karatina cha kuuza sigara za umeme, zile wanaita vape. Siku moja ya soko akaniita huko ndani. Akaniambia ati kifua changu kinamtia wasiwasi, niache sigara ya moto, atanipa hii ya kujazwa bure. Nilishukuru Mungu moyoni kwamba nimelea mtoto anayenikumbuka.

Akanipa kitangi cha kioo, kidogo kama kidole gumba, na chupa ya maji yake, yale yenye nikotini ambayo hugeuka moshi. Akasema nijaze mwenyewe ndio nijifunze. Niliona tundu moja tu, lile la katikati, nikamimina hapo. Yeye alikuwa amesimama na simu mkononi, ananitazama. Baadaye ndio nilikuja kujua kwamba tundu la katikati ni njia ya hewa, na maji humiminwa pembeni. Alijua, na akaniacha.

Alipokifunga kwenye ile sigara yenyewe nikavuta, maji moto yaliruka yakaniunguza ulimi, mengine yakashuka kooni. Yalikuwa makali ajabu. Kichwa kilizunguka, jasho likanitoka, moyo ukapiga mbio mpaka nikaushika na mkono. Nilipiga magoti katikati ya maboksi nikatapika, huku nikimwomba Yesu asinichukue kabla sijafika nyumbani. Nilisikia mtu akicheka. Nilidhani ni wapita njia.

Jumapili hiyo baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi cha maombi ninachokiongoza alinivuta kando akanionyesha simu yake. Ni mimi. Uso umefunikwa na kikatuni kinachocheka, lakini sauti ni yangu, aproni ni yangu, na ile sala ni yangu. Chini imeandikwa: "Cucu wa soko ajaribu tangi mpya. Zetu hazivuji ukijaza vizuri. Usiwe kama yeye." Cucu, yaani bibi kizee. Kumbe hakukuwa na habari ya kifua. Nilikuwa tangazo.

Mwenyekiti wa kikundi aliniambia kwa upole nipumzike kuongoza maombi hadi mambo yatulie. Bwanangu aliitazama ile video mara tatu, kisha akasema, "Miaka ishirini na miwili unaniambia ni moshi wa jikoni." Akachukua ndoo akaenda kukamua. Hajanipiga wala hajanitukana. Anakula, anasema asante, analala akiangalia ukuta. Afadhali angenitukana.

Nilienda kwa kibanda. Nilimkuta akipangusa kioo cha kaunta, na hakuacha kupangusa. Nilimuuliza nimemkosea nini.

"Tata, uso nilificha," akasema. "Na si mimi nilikufundisha kuvuta."

Nikamwambia aifute. Akasema haiwezekani, ile video imemletea wateja kuliko siku zote tangu afungue. Hapo sikujizuia. Nilichukua boksi la zile tangi nikalimwaga sakafuni, nikazikanyaga na gambuti zangu za shamba moja baada ya nyingine. Sijutii hata kidogo. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Umemaliza? Ukinisumbua tena nitaiweka bila kufunika uso."

Sasa sikilizeni. Msichana huyu anaolewa. Watu wa kijana wanakuja kwangu na ruracio, yaani mahari, maana mimi ndiye mzazi aliyebaki. Ni familia iliyoshika kanisa kwelikweli, na wameambiwa anauza vifuniko vya simu. Jana mama ya kijana alinipigia nikiwa sokoni. Ni mtu wa heshima, anaongea polepole. Akaniambia, "Mama, wewe ndiye umemlea. Niambie kama mama mwenzangu, tunaleta msichana wa aina gani nyumbani?"

Nilimwambia wateja wamejaa, anipigie kesho. Sikuwa na mteja hata mmoja.

Nikisema ukweli, nimevunja ndoa ya mtoto wa kaka yangu, na uso wangu utaonekana Nyeri nzima, bwanangu akiwa ndani ya aibu hiyo. Nikinyamaza, nitakaa kiti cha mbele nivishwe shuka ya heshima na wageni, nimsifu mtu aliyenicheka nikitapika. Msiniambie nisamehe, hiyo pasta ameshaniambia. Na msiniulize kama nimeacha sigara, sijaacha.

Huyo mama atapiga leo, na si mtu wa kudanganywa mara mbili. Ninyi mliolea watoto wa wenyewe, niambieni. Nikishika hiyo simu, nimjibu nini?