Mkia Ndani ya Kikapu cha Ladomea

Huko kisiwani Malaita palikuwa na mjusi wa mtini, kijani hata kuku walimdonoa wakidhani jani la mgomba. Makao yake yalikuwa mti wa ngali, uzaao kokwa tamu za kuliwa, wa bibi kizee Faralu. Jua likigonga shina, huyo anateremka kichwa chini mpaka miguuni pa Afuna, mke wa mwana mdogo wa bibi, aliyekuwa akivunja kokwa kwa jiwe. Ladomea, mke wa mwana mkubwa, akikaa hapo, mjusi hashuki ng'o.

"Mjusi anamjua mwenye mti," Faralu alisema, akicheka.

Mzaha huo ulimchoma Ladomea. Bibi alikuwa bado hajasema mti atamwachia nani, na mti ule ndio uliolisha ukoo mzima. Basi asubuhi moja Afuna alipokwenda kisimani, Ladomea akatega kitanzi cha ukuti. Mjusi akanasa, akafurukuta mpaka mkia ukakatika, akapanda zake juu. Mkia ukabaki mkononi mwa Ladomea, ukichezacheza. Akautumbukiza kikapuni mwake mwa popoo.

Mara Faralu akatokea, akaketi kando yake. "Mwanangu, nipe popoo nitafune."

Kwao popoo hainyimwi, na kikapu hufunguliwa mbele ya mwombaji. Ladomea akafungua. Mkia ukaruka ukatua mapajani mwa bibi, na wanaapa ulicheza hapo mpaka jioni.

"Popoo yako ina miguu ya kukimbia," bibi akasema. "Mjusi kakukosea nini?"

"Anampenda Afuna, mama. Mimi ananikimbia."

"Anapenda sisimizi, mjinga wewe. Afuna mchafu, anamwaga makombo, sisimizi wanajaa. Wewe unafagia hadi kivuli."

"Mama, nimesikia," Afuna akasema, ndoo kichwani.

"Usikie, ndiyo."

Tangu siku hiyo Ladomea alivunja kokwa bila kufagia, mikono ikimwasha kwa kutamani ufagio. Makombo yakalala, sisimizi wakaja. Mkia ulipoota upya, umefifia kama kamba kuukuu, mjusi akashuka akala miguuni pake. Zamu ya kununa ikawa ya Afuna.

Faralu akawatazama wote wawili. "Matawi ya upande wa mawio ni yako, Ladomea. Ya machweo ni ya Afuna. Mjusi ni wangu, msinigombanie."

Ladomea akashukuru kwa adabu zote. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua shingo, akaanza kuangalia upande upi umezaa zaidi.