Sufuria ya Kujifukizia

Serafina aliponda mawe ya dhahabu machimboni Geita, na vumbi lake lilikuwa limemziba pua wiki nzima. Mchana huo alichemsha mchaichai na majani ya mkaratusi katika sufuria aliyoikuta uani, akajifunika blanketi, akavuta mvuke mpaka pua ya kushoto ikaanza kuachia.

Nje, mumewe Agapiti akauliza, "Mama Salome, umeiona sufuria yangu ya kuchomea zebaki?"

"Ile yenye waya ukingoni?"

"Hiyohiyo."

Serafina alilitupa blanketi. Moshi wa zebaki, inayochomwa ili ibaki dhahabu tupu, ndio uliomwachia shemeji yake mikono isiyoacha kutetemeka.

Agapiti aliingia, akaiona sufuria. Kisha akamshika mkono. "Twende hospitali. Umevuta mara ngapi?"

Pua zote mbili za Serafina zilikuwa wazi sasa, naye aliogopa kuvuta pumzi.